Kifaransa cha Dada Kabula

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani mwangu ni ya breki zilizochemka. Nyumba yetu ya Isaka ilikuwa hatua chache tu kutoka uwanja wa bandari kavu, pale ambapo mizigo iliyoletwa na treni ilihamishiwa kwenye malori yaliyokwenda Rwanda, Burundi na mbele zaidi. Malori yaliyorudi kutoka huko yaliingia uwanjani asubuhi yakiwa yamejaa vumbi jekundu, madereva nao wamejaa vumbi hilohilo mpaka kwenye kope, na ile harufu ya mpira na chuma cha moto ilituamkia kabla hata jogoo hajanyamaza. Baada ya muda ilichanganyika na harufu ya mandazi. Mama yangu alikuwa na banda la chakula ng'ambo ya barabara, mkabala na geti: mabati manne juu ya miti, benchi mbili, meza moja ndefu iliyofunikwa nailoni yenye maua. Asubuhi aliuza chai na mandazi, mchana wali maharage na ugali kwa samaki. Baba alikuwa mlinzi wa geti hilohilo la uwanja. Kwa hiyo mimi, Milembe, mtoto wa pili na wa mwisho katika nyumba ile, nilikua nikiwaona wazazi wangu wote wawili kwa kugeuza shingo tu: huku mama amejifunga kanga ya jikoni, kule baba amevaa koti la kaki na rungu amelibana kwapani.

Msimu ninaotaka kuusimulia ni ule ambao dada yangu Kabula alikuwa amemaliza darasa la saba. Mimi nilikuwa na miaka minane. Mvua zilichelewa mwaka ule, na mchana kutwa kijiji kizima kilikuwa kama kimeshika pumzi. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa ukutani mwa ofisi ya shule, na jina la Kabula lilikuwamo, la tatu kutoka juu. Mama alilisoma mwenyewe kwa kidole, akalisoma tena, akarudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisani. Baba hakuimba. Shule ilikuwa Kahama, haina bweni, na wanafunzi wa mbali walipanga vyumba mitaani wakajipikia. Wasichana wawili wa Isaka waliotangulia kwenda huko walikuwa wamerudi kabla ya kumaliza, kila mmoja na mimba yake. Jioni ile, mjomba wetu akiwepo, baba alisema mtoto wake hatakwenda kulala peke yake kwenye chumba cha kupanga. Alisema mara moja tu, bila kupaza sauti. Baba hakuwa mkali wa fimbo, ila neno lake likishatoka alilisimamia kama alivyolisimamia geti. Kabula hakulia mbele yetu. Siku ya pili alikwenda bandani kumsaidia mama kuosha vyombo, na ikaonekana kana kwamba ndiyo kazi yake ya siku zote zijazo.

Kitabu kilikuja katikati ya siku hizo. Mama alikuwa akinunua karatasi kuukuu za kufungia mandazi. Zilikuja kwa furushi, zimefungwa kamba ya katani, na ndani yake ulikuta kila kitu: magazeti, daftari za shule zilizosahihishwa kwa wino mwekundu, kalenda za makampuni, makaratasi ya mizigo. Asubuhi moja alichana kitu, akafungia mandazi mawili ya dereva, akachana tena, kisha mkono ukamsimama hewani. Katika karatasi aliyoishika mlikuwa na mwanamke mwenye nguo ya njano iliyombana mwili mzima, nywele zimesimama wima, na kwenye ncha za vidole vyake radi zinatoka. "Mayu wane, mama yangu," mama alimaka, "huyu naye kapatwa na nini?" Tukamvamia. Kilikuwa kitabu cha katuni, rangi zake zimepauka kidogo, jalada na kurasa mbili za mwanzo zimekwishaondoka na mandazi kuelekea Kigali. Tulimwomba, tukamsihi, na mama akatuachia kwa masharti kwamba tusimsumbue tena siku ile.

Tatizo lilikuwa maneno. Yalijaa kwenye vile vipovu vyeupe vinavyotoka midomoni mwa watu, na hayakuwa Kiswahili wala hayakuwa Kiingereza. Kabula aliyatazama kwa muda mrefu, uso umetulia, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaja kitu kisicho na ajabu yoyote, "Hiki ni Kifaransa." Nikamuuliza kama anakijua. Akasema anakijua kiasi, kwa vile amekuwa akiwasikiliza madereva. Ni kweli kwamba alikuwa akiwaamkia "bonzhuu" na kuwajibu "mersi," na kwangu mimi, ambaye Kiswahili chenyewe nilikikuta shuleni kwa sababu nyumbani tuliongea Kisukuma, ushahidi huo ulitosha kabisa.

Kuanzia siku ile, kila alasiri, vyombo vikishaoshwa na madereva wamelala chini ya malori yao, Kabula alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya banda na kutusomea. Mwanzoni nilikuwa peke yangu. Baada ya wiki tulikuwa watoto kumi, na baada ya wiki mbili sikuhesabu tena. Alifuata mistari kwa kidole. Wakati mwingine alinyamaza, akakunja uso, akarudia neno kwa mdomo bila sauti, kama mtu anayetafuta maana yake halisi asije akatudanganya. Mwanamke wa njano aliitwa Binti Radi. Mvua ilikuwa imemtuma mjini kwa sababu watu wa mji ule walikuwa na kiu na njaa. Adui yake alikuwa mwanamume mwenye kifua kipana na nguo ya buluu, aliyefunga begani kitambaa chekundu kinachopepea mgongoni. Sisi tulimwita Bwana Lubega, maana alikivaa kama wazee wetu wanavyovaa shuka wakienda mnadani. Bwana Lubega kazi yake ilikuwa kumfuatafuata Binti Radi na kumkataza. Popote alipofungua mdomo, hata kipovu kiwe kirefu namna gani, Kabula alisoma kwa sauti nzito: "Rudi nyumbani, wewe! Nani amekuruhusu kutoka?" Nasi tulikuwa tukianguka kwa kicheko.

Kulikuwa na ukurasa ambao Binti Radi anapasua ukuta wa jumba kubwa na kutoka na magunia mawili. Kabula alisoma kwamba ni ghala la unga alilolificha Bwana Lubega, na kwamba anakwenda kuwagawia watu. Kulikuwa na mapigano ya kurasa nne, ambayo tuliyataka kila siku kabla ya mengine. Na ukurasa wa mwisho kabisa ulimwonyesha Binti Radi ametulia, anatazama nje kupitia dirisha lenye nondo. Nyumba zenye madirisha ya nondo Isaka zilikuwa mbili tu, ya mwenye mashine ya kusaga na ya padri. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Binti Radi alikuwa amejenga. Kabula alisoma maneno ya mwisho polepole: "Sasa nimefika kwangu." Nilikuwa nikisikia kitu kinanijaa kifuani kila alipofika hapo, na sijui mpaka leo kama furaha ya kitabu chochote imewahi kunipata kwa ukubwa ule.

Aliyetaka kutuharibia alikuwa Shija, mtoto wa fundi baiskeli, mwenye umri wa Kabula, ambaye hakuchaguliwa kwenda sekondari na hakumsamehe mtu yeyote kwa hilo. Siku moja alikaa na sisi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yule ni mwizi. Magunia yale si ya unga. Na wewe Kabula Kifaransa hujui, unabuni." Kabula akamwambia kama haamini asome yeye. Shija akajibu kwamba hatasoma yeye, atamtafuta anayejua. Na kwa kweli, mahali petu, wanaokijua walipita kila siku.

Alimchagua Salvatori. Huyu alikuwa dereva wa Bujumbura, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye kila akipita Isaka alikula kwa mama sahani mbili za wali, na katikati ya sahani ya kwanza na ya pili alisikiliza habari zote za banda. Ilikuwa saa saba mchana. Baba alikuwa ametoka getini kuja kula, amekaa mwisho wa benchi ya pili na ugali wake. Shija aliingia na kitabu, sisi wengine tumemfuata kama kuku, akampa Salvatori shikamoo ya adabu na kumwomba atusomee ukurasa wa magunia. Kabula alikuwa pembeni kwenye beseni la vyombo. Niliiona mikono yake ikisimama ndani ya povu.

Salvatori alijifuta vidole kwenye suruali, akakichukua kitabu, akasoma kimya huku midomo ikicheza. Akafunua ukurasa uliofuata. Akatabasamu. "Nani aliwasomea hiki kitabu?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha Bujumbura. Sote tukamnyooshea Kabula vidole. Akamgeukia dada yangu. "Wewe mutoto. Hapa uliwaambia anasema nini?"

Kabula alisimama, maji yanamchuruzika viwikoni. Sauti yake ilitoka ndogo mno. "Anasema, 'Unga huu ni wa watu wote wa mji, na leo watakula.'"

Salvatori aliutazama ukurasa. Akamtazama Kabula. Kisha akamtazama baba, ambaye tonge lilikuwa limebaki mkononi mwake njia ya nusu. Hilo la kumtazama baba nalikumbuka vizuri sana, ingawa wakati ule sikuelewa lilikuwa na maana gani. "Ni vilevile," Salvatori alisema, na kukifunga kitabu. "Neno kwa neno." Salvatori akaendelea, sasa anamwambia baba, "Muzee, huyu mutoto wako alisomea Kifaransa wapi?"

"Hajasomea popote," baba alijibu. "Kamaliza la saba hapohapo."

"Popote? Basi huyu mukimupeleka mbele, sijui atafika wapi." Akaurudia wali wake kana kwamba hakuna lililotokea.

Ili umwelewe baba yangu, inabidi ujue jambo moja. Alisoma mpaka darasa la nne tu. Pale getini alipokea makaratasi ya mizigo kutoka kwa madereva wa magharibi, mengi yameandikwa Kifaransa, na kazi yake ilimtaka ayakague kabla ya kufungua. Aliyatazama kwa muda uleule aliotumia kuyatazama ya Kiswahili, paji la uso limekunjwa, kisha akarudisha na kuashiria geti lifunguliwe. Kuna madereva waliomwona na kucheka wakishapita. Mara moja mmoja alimpa karatasi ikiwa imegeuzwa juu chini kwa makusudi, na baba akaikagua hivyohivyo. Niliona kwa macho yangu. Hakuna mtu aliyewahi kulisema jambo lile nyumbani kwetu. Sasa mtu huyo, mbele ya banda zima, anaambiwa na dereva wa Bujumbura kwamba binti yake anakisoma Kifaransa neno kwa neno.

Alinawa mikono, akarudi getini. Siku tatu alikwenda kazini na kurudi. Jumapili, tulipotoka misani, alisimama njiani tukiwa bado tumevaa nguo za kanisani na kumwambia mama, "Kabula atakwenda Kahama. Mtoto anajua Kifalansa bila mwalimu, mimi nikimweka nyumbani watu watanionaje?" Baba hakuwa na 'r' mdomoni, kama wazee wengi wa Kisukuma, na katika miaka yote iliyofuata sikupata kuisikia lugha ile ikitajwa vizuri zaidi ya vile. Alipanda treni mwenyewe... hapana, alipanda lori, treni haikwenda kule. Alipanda lori kwenda Kahama, akamtafuta mjane mmoja aliyewahi kusali nasi, akamwomba amweke binti yake. Januari Kabula aliondoka na godoro la kukunja na ndoo mpya.

Wiki moja tu baada ya Salvatori, kitabu kilipotea. Mama alituambia kwa masikitiko kwamba kilichanganyika na karatasi nyingine na amekifungia mandazi. Nililia mpaka nikapata homa. Baadaye mvua zikanyesha, kukawa na kumbikumbi wa kukamata, kukawa na shule, na kama ilivyo kwa watoto, Binti Radi alinitoka kichwani. Baba hakusahau. Alilisimulia tukio la Kifalansa kwenye mahafali ya Kabula, kwenye harusi ya Kabula, kwa mapadri, kwa wagonjwa wenzake siku alipolazwa kwa malaria. Sisi tulilisikia kama unavyosikia saa ya ukutani. Ni kitabu chenyewe ndicho tulichokisahau, na tukasahau pia kujiuliza.

Miaka zaidi ya ishirini na mitano imepita. Kabula ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Ushirombo. Mimi nina duka la vifaa vya shule na kutoa nakala pale Katoro, kwenye mkoa wa dhahabu, ambako siku nzima wateja wangu ni wachimbaji wanaotaka nakala za vitambulisho vyao na makelele ya makarasha yakisaga mawe hayakomi. Likizo iliyopita tulikutana Isaka, mimi na binti yangu Neema wa kidato cha kwanza, na Kabula, ili tuwabadilishie wazazi wetu mabati ya nyumba. Mafundi walipanda juu asubuhi, nasi tukatoa vitu vyote nje uani: vitanda, kabati, magunia ya mpunga, na sanduku la bati la mama ambalo halikuwahi kuhamishwa tangu nizaliwe. Baba alikaa kwenye kiti chake chini ya ukuta, akiwaelekeza mafundi jambo wasilohitaji kuelekezwa. Kabula alilipindua sanduku ili alikung'ute uchafu wa panya. Karatasi ngumu iliyotandikwa chini yake ikaachia, ikaanguka, na pamoja nayo kikaanguka kitabu.

Nguo ya njano ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Sikuitambua mara moja. Kabula aliitambua, maana alikaa chini palepale kwenye vumbi na kuanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. "Binti Radi," alisema, na miaka yote ikanirudia kwa mkupuo mmoja.

Neema aliuliza ni nini. Tulipokuwa tunamweleza, kwa sauti ya chini na kukatishana maneno, yeye alikuwa ameshatoa simu yake na kuielekeza kwenye ukurasa, maana siku hizi ukiielekeza simu kwenye maandishi ya lugha yoyote inakupa Kiswahili chake. Kabula alimwona, lakini alikuwa amechelewa. "Neema, acha kwanza," alisema, macho yakimtoka kuelekea alipokaa baba. Lakini mtoto alikwishaanza kusoma kwa ile sauti safi ya wanafunzi wanaosoma mbele ya darasa: "'Nipeni fedha zote za benki, la sivyo nitawachoma!' Halafu huyu wa buluu anasema, 'Simama, mwizi! Jiji hili lina mlinzi!'"

"Benki gani?" baba aliuliza.

Kabula alijipangusa uso, akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha baba kama tulivyolelewa kumsalimia. Ana miaka arobaini, ni mwalimu anayeogopwa na kidato cha nne kizima. "Baba," alisema, "mimi Kifaransa sikukijua. Nilikuwa nabuni. Kile kitabu ndicho hiki. Sikujua hata neno moja."

"Na Salvatori?" baba aliuliza.

"Salvatori alinisitiri. Sikumwomba. Nilipokuwa nikirudi likizo nilimtafuta kwenye malori nimshukuru, nikaambiwa amehamia njia nyingine."

"Mimi ndiye niliyemweleza habari za shule," mama alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. "Nilikuwa nawaeleza wote, nilikuwa na uchungu. Na kitabu nilikificha mimi. Mngekipeleka kwa kila dereva, na mmoja angekuja kuwa msema kweli. Nikasema kikae humo mpaka shule ifunguliwe. Kisha nikasahau kabisa."

"Kwa hiyo," baba alisema, "nyumba nzima ilijua isipokuwa mimi."

Nikamwambia hata mimi sikujua, na ilikuwa kweli, lakini haikumfikia. Alinyoosha mkono apewe kitabu. Akakifunua karatasi kwa karatasi, taratibu, kwa paji la uso lilelile lililokunjwa la pale getini, na mimi nikageuza uso kwa sababu sikuweza kulitazama. Nilikuwa nawaza mapadri, wagonjwa, wageni wa harusi, watu wote aliowasimulia. Kama tungekuwa tumevunja kitu ndani ya mzee wa miaka sabini na mitano kwa ajili ya udadisi wa simu, sikuona tungekiunga vipi.

"Huyu wa shuka jekundu," aliuliza hatimaye, "ndiye mlinzi?"

"Ndiyo, babu," Neema alijibu. "Ndiye shujaa wa hadithi. Yule mama ni jambazi. Hapa mwisho yuko gerezani."

"Shujaa wa hadithi ni mlinzi." Baba alituangalia mmoja baada ya mwingine, mimi, Kabula, mama. "Na mlikuwa mnamcheka. Nilikuwa nawasikia kule getini, mnacheka mpaka mnalia." Kisha kitu kikaanza kumtekenya koo. Mwanzo nilidhani ni kikohozi. Alicheka kama nilivyokuwa sijamwona akicheka tangu apate presha, akikipiga kitabu kwenye goti, mpaka fundi mmoja akachungulia kutoka juu aone kuna nini. "Watu nimeshawaambia wengi mno," alisema alipopata pumzi. "Wengine wamekufa. Nitawafuata wapi niwaambie si hivyo?"

Kabula alikuwa bado amepiga magoti. Baba alimwekea mkono kichwani, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma, na mimi ninayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri niwezavyo: "Nilikuwa nimekwishasema hapana, mjomba wako akisikia. Usiku nilikuwa silali. Nilikuwa natafuta pa kupitia nirudi nyuma, sikupaona. Kifalansa chako kilinitosha." Alimwamuru ainuke, mafundi wanataka chai.

Siku zilizobaki Neema alitafsiri kurasa zote, akatupa hadithi kamili isiyo na kosa. Ni hadithi ya kawaida, niseme kweli. Inachukua dakika kumi, na Neema mwenyewe aliimaliza akaendelea na mambo mengine ya simu yake. Sisi tuliishi ndani ya kurasa zilezile msimu mzima, tukishibishwa maana ambazo hazikuwamo. Kuna wakati nikiwa dukani kwangu nawaona watoto wa Katoro, kila mmoja na kioo cha simu mkononi, na najikuta nawahurumia. Halafu najisahihisha. Zamani ninayoikumbuka kwa furaha ndiyo hiyohiyo iliyomwoshesha dada yangu vyombo akiwa na nafasi yake ya sekondari mkononi, na kama dereva mmoja angekuwa mtu wa kusema ukweli mchana ule, nisingekuwa na cha kusimulia. Isaka sasa ina sekondari yake, ng'ambo ya reli. Mtoto anatoka kwao kwa miguu na kurudi kwao mchana. Hakuna baba anayepaswa kushawishiwa kwa lugha za watu.

Asubuhi ya kuondoka kwetu sekondari ya Isaka ilikuwa imewaita wanafunzi wake mapema, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa kwingine. Baba alikuwa kwenye kiti chake nje, mabati mapya yanang'aa juu yake, na wasichana wa sekondari walikuwa wakipita mbele ya nyumba kwa makundi, soksi nyeupe, mabegi mgongoni, kila kundi likimwamkia naye akiitikia marahaba. Mmoja alibaki nyuma akifunga kamba ya kiatu. Baba alimwita.

"Wewe mjukuu wangu, unajua Kifalansa?"

Msichana aliinua kichwa, akamtazama mzee huyu, akatutazama sisi kwenye mizigo yetu. "Hapana, babu."

"Haya," baba alimwambia. "Wewe nenda tu shule."